Daftari la Langoni

Siku tatu nimekaa chumba cha madrasa,
madawati yamesukumwa ukutani,
kisanduku cha barafu miguuni kama paka wa mtu.
Ndani: chupa arobaini za mafua, kumi za kichomi.
Nje: Langoni yote, yapita.

Siku ya kwanza waliingia watatu.
Wawili waliuliza choo kiko wapi.

Bi Somoe alisimama kizingitini na kikapu chake:
"Mwanangu, chanjo ni ya mtoto.
Mimi nimezaa saba, nimezika wawili,
sindano itanifunza nini?"
Akanipa andazi, akaenda zake.

"Mafua si ugonjwa, ni msimu."
"Tangawizi, ndimu, asali ya Witu. Basi."
"Ile ya korona ilinilaza siku mbili,
korona yenyewe haikunilaza hata moja."
Hilo sikulijibu upesi.
Kwake lilikuwa kweli,
na kweli ya mtu haipanguswi kwa karatasi yenye picha.

Yuko aliyetazama nyuma kwanza, akanong'ona:
"Haikati nguvu za kiume?"
Nikasema la. Akasema, "Apa." Nikaapa.
Akasema, "Nitarudi."
Nguvu anazo. Kurudi hakurudi.

Na hawa hawa, mwaka ule walipopata safari ya Makka,
walipanga foleni tangu alfajiri, mabega wazi,
wakisukumana kama kwenye sadaka.
Hakuna aliyeuliza chupani mna nini.
Kumbe mkono hukunjuka
ukiwa na pa kwenda.

Siku ya pili kichochoro kikaziba:
Famau Lali na punda wake, Mheshimiwa,
magunia ya mchanga ubavuni, kichwa cha punda mlangoni kwangu.
"Huyu kadungwa juzi," akasema kwa fahari.
"Pepopunda. Nilimshika masikio mwenyewe, akatulia kama bwana harusi."
"Na wewe, Famau?"
"Mimi? Mimi si punda."
Kichochoro kizima kikacheka, nami nikacheka.
"Punda akifa," akaendelea, "nitapata wapi pesa za mwingine?"
"Na wewe ukifa, Mheshimiwa atapata wapi Famau mwingine?"
Akamvuta punda. Hakuaga.

Kifua chake nakijua.
Nyumba zetu zashiriki ukuta.
Mwezi wa saba, kusi likivuma, namsikia usiku:
kikohozi kikavu, kama fundi achongaye mlango asioumaliza.
Kikizidi, mkewe Khuleta hugonga ukuta mara mbili.
Maana yake: tuko macho, usiogope.
Mwaka jana aligonga usiku kumi na moja.
Nilihesabu. Kazi yangu ni kuhesabu.

Siku ya tatu, saa kumi, barafu imekuwa maji.
Nimeandika: waliochanjwa tisa.
Nafunga daftari, naona kivuli, hakina punda.
Famau, kaoga, kanzu ya Ijumaa,
mkono wa kanzu haupandi, anahangaika na vifungo:
"Khuleta kasema nikirudi bila plasta nikalale na Mheshimiwa."

Nikakitazama kisanduku.
Nikatia kidole. Vuguvugu.
Siku zote tatu nilikuwa na maneno,
sasa mtu amekuja, sina dawa ya kumdunga.

"Njoo hospitali Jumatatu."
"Jumatatu nina mchanga wa Shela."
"Jumanne?"
"Jumanne mawe."
Akafunga kifungo kimoja, akakifungua tena,
bega lake jeupe kwa vumbi lisilotoka hata kwa kuoga.
"Basi niandike," akasema, "ili aone nilikuja."

Nikaliandika jina: Famau Lali, Langoni, miaka sitini na mbili.
Kisanduku cha alama nikakiacha wazi.

Usiku ukuta ukagonga mara mbili.
Nililala nikiusikiliza, kisha nikainuka,
nikagonga mara moja,
neno ambalo hatujakubaliana maana yake.